Kantini ya akina mama nyuma ya kanisa, Moshi: mtori wa uhakika, chenji hakuna

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wale wa Tumsifu Yesu Kristo karibuni pia, hata kama husali popote karibu tu, maana hii ni habari ya chakula. Yani nusu yake ni ya chakula.

Nimeona watu wanaandika maoni ya hoteli za Moshi mpaka basi, kahawa ya wapi, piza ya wapi, kitimoto ya wapi, ila sijaona aliyegusa zile kantini za nyuma ya kanisa wakati Walutheri kibao wa mji huu chai yao ya Jumapili wanainywea huko huko. Basi naanza mimi. Usharika siutaji, na wewe ukiujua kaa kimya, kwa sababu kuna mambo nitayasema humu na wale akina mama naonana nao kila wiki na mtori wao, ile supu nzito ya ndizi na nyama, bado naupenda.

Kwa wasionijua, mi sio mtu wa huku, ni Mnyiramba wa Singida, Moshi nimeletwa na kazi. Nipo duka la steshenari upande wa Mbuyuni, natoa kopi, nachapa barua, ila kazi kubwa kusema ukweli ni ratiba za mazishi na kadi za michango ya harusi, kwahiyo kanisa lilikuwa linanilisha hata kabla sijaanza kula kantini kwao. Na hapo ndo nilipowajulia. Siku moja kaja mama mmoja mtu mzima, kitenge cha kwaya, ana karatasi anataka nimchapie maneno makubwa afu niiwekee plastiki isiloe. Maneno yenyewe: MSIWIWE NA MTU CHO CHOTE. WARUMI 13:8. Nikamwambia shikamoo mama, huu mstari mbona haujaisha, mbele kuna "isipokuwa kupendana". Akaniangalia akasema, "Marahaba mwanangu. Ukiumalizia watakopa."

Jumapili iliyofuata nikaenda kuangalia karatasi yangu imebandikwa wapi, na tangu siku hiyo sijatoka.

Mahali penyewe ni banda la bati, pembeni mti wa parachichi, sakafu ya saruji iliyochimbika mlangoni. Meza za mbao zimefunikwa plastiki ya maua. Mabenchi ndo yamenimaliza, ni yale yaliyokuwa kanisani zamani kabla hawajanunua mapya, na mgongoni yana kile kibao chembamba cha kuwekea kitabu cha nyimbo, sasa hivi kinakaa vikombe vya chai. Ukikaa benchi la nyuma unaweka kikombe chako mgongoni kwa mtu wa mbele kama vile mko ibadani, akicheka sana chai yako inamwagika. Mlima ukiwa umefunguka asubuhi unauona kati ya nguzo mbili za banda, ila watu wa huku hata hawageuki, ni sisi wa kuja tu ndo tunatoa simu.

Chakula sasa. Mtori bakuli 2,500, supu ya ng'ombe 3,000, kiburu (ndizi na maharage) 2,000 ila kinapikwa wakijisikia, chapati 500, andazi 300, yai la kuchemsha 500, chai ya maziwa 700. Kahawa hakuna. Nirudie, hapa ni Kilimanjaro, kahawa ipo shambani kwa nusu ya hao hao wanaokula hapo, na kantini haina kahawa. Nikauliza nikajibiwa kahawa ni ya kuuza. Haya.

Chai ni tamu kupita kiasi, wanapika na sukari humo humo sufuriani, mwenye kisukari huyo abaki na maji. Andazi la kawaida. Chapati inategemea kapika nani, kuna dada mmoja mikono yake ina upako kwakweli, yeye akiwa hayupo unakula karatasi. Lakini mtori jamani. Ndizi ni mshare, zimeiva na nyama ya mfupa mpaka zimekubali zenyewe, afu zinapondwa kwa mwiko sio kwa mashine, kwahiyo unakutana na vipande vidogo vidogo vya ndizi na vya nyama, uzito wake ukisimamisha kijiko kinainama pole pole. Pilipili unaweka mwenyewe. Mi nyumbani tunakula ugali na mlenda, sikuwahi kudhani ntakuja kupenda ndizi ya kunywa, ila leo hii Jumapili bila mtori naona kama sijasali.

Na ndizi zinatoka wapi? Hapa nisikilize vizuri maana hii sijaona hoteli yoyote inafanya. Ibada ya kwanza inaanza saa moja, ikiisha tunatoka nje mnada unaanza. Wageni wa Moshi, mnada ni zile sadaka za vitu, kama mtu hana hela kaleta mayai, kuku, maziwa, parachichi, mkungu wa ndizi, vinauzwa pale pale hela inaingia kanisani. Kuna siku bibi mmoja kutoka Rau kaleta mkungu mmoja wa mshare, kaubeba kwenye bodaboda, mzee wa kanisa akaushika juu kama kikombe cha mpira, "elfu tano mara ya kwanza!" Mmoja akasema sita, mwingine saba, kijana mmoja kafika elfu kumi akalipa afu akasema naurudisha, unadiwe tena. Wakacheka, ukanadiwa tena, kantini wakaununua elfu nane. Saa tatu na nusu mkungu uko jikoni unamenywa na wamama watano wanaimba, saa sita watu wa ibada ya pili wanatoka wanaukuta uko kwenye bakuli. Kwahiyo mkungu mmoja wa bibi umelipa mnadani mara mbili afu ukalipa tena kwenye bakuli, na hela yote inakwenda kwenye bati la jengo lile lile, na bibi mwenyewe nilimwona amekaa pembeni anakunywa mtori wa ndizi zake, na kalipa. Nikamuuliza bibi si wangekupa bure, akaniambia "nilishatoa, siwezi kutoa afu nikapokea".

Huduma ni mbovu, tusidanganyane. Wahudumu ni vijana wa kipaimara na wamama wa zamu, ukiagiza chapati mbili inakuja moja na stori. Foleni hakuna, anayejulikana anapitia mlango wa jikoni. Chenji ndo kabisa, ukitoa noti ya elfu kumi kwa chai ya mia saba unaambiwa subiri, afu kengele ya ibada inalia, afu mhasibu kaingia kuimba kwaya na ufunguo wa boksi kauweka kwenye joho. Lipa namba ipo imebandikwa ila ni ya mtu aliyehamia Arusha, nilishawaambia.

Ila pamoja na karatasi yangu ya Warumi ukutani, kuna daftari. Daftari kubwa la mistari, jalada limefunikwa gazeti, linakaa chini ya sinia la maandazi. Ile karatasi kumbe ni ya wapita njia. Wenyeji wanaandikwa. Mi ilinichukua kama miezi minne kuandikwa, siku hiyo sina hela ndogo nikasema basi mama niache chai, Mama Mtori (jina langu mimi hilo, msimtafute) akachukua kalamu akauliza "unaitwa nani vile, ngoja, Singida", akaandika Singida 3,200. Mpaka leo humo naitwa Singida.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike yote haya.

Mwaka jana malaria ilinishika vibaya, wiki nzima kitandani, naishi peke yangu Pasua chumba na sebule. Jumapili sikwenda. Jumatatu jioni naskia geti, kijana wa kwaya ya vijana kasimama na hotpoti. Kasema, nanukuu, "Mama kasema bakuli lako jana halijachafuka, kwahiyo unaumwa au umehama. Kama umehama nirudi nayo." Nikacheka mpaka kichwa kikauma upya. Alijuaje ninapoishi, kaulizia kwa kiongozi wa jumuiya yetu, maana jumuiya huwa tunasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nyumba kwa nyumba, na kwangu walishawahi kuja mara moja wakakaa mpaka kwenye ndoo. Mchungaji hakujua kama naumwa, na simlaumu, anaongoza watu wengi na mazishi hayaishi. Aliyejua ni mtu anayeosha bakuli.

Nimepona, nimerudi, nimekula, nimeomba daftari nilipe. Nikakuta mstari: Singida, mtori wa mgonjwa, 2,500.

Aisee! Nilichoka. Nikamwambia mama, hii mliniletea nikiwa naumwa jamani. Akanijibu bila kuinua kichwa, anakata vitunguu, "Mgonjwa ulikuwa wewe. Ndizi ni za kanisa."

Nililipa nikaondoka nimenuna, nikamhadithia shoga yangu dukani tukawasema sana siku ile, tukasema hawa Wachaga hela mbele. Baadae nikiwa natoa kopi za ratiba ya msiba wa mtu nisiyemjua ndo ikaniingia. Wangenipa bure ningekuwa mgeni aliyehurumiwa, ningesema asanteni na habari imeisha. Walinihesabu kama mtu atakayepona, atakayerudi, na ambaye ndizi za bibi wa Rau zinamhusu yeye pia kuzilipia. Waliniandika mapema kabisa, hata mi mwenyewe sikuwa na uhakika kama nasimama kesho.

Nalinganisha na usharika wa kwanza niliosali nilipofika Kilimanjaro, huo ndo sitautaja hata mkinichoma. Jengo zuri, vioo vya rangi, kwaya ina sare tatu. Nilikaa miezi nane, naingia, nakaa, natoa sadaka, napewa mkono mlangoni na mzee wa zamu, naenda nyumbani kupika. Hakuna aliyewahi kuniuliza nakaa wapi. Siku ya kwanza kupigiwa simu na kanisa, nikafurahi nikasema leo nimekumbukwa, kumbe ni ahadi ya jengo sijamalizia, wakanikumbusha kwa upole na baada ya wiki mbili majina yakasomwa kwenye matangazo. Mi sipingi ahadi jamani, bati halishuki kama mana, hata huku kantini deni ni deni. Ila kule deni ndo lilikuwa kitu pekee wanachojua kuhusu mimi. Huku wanajua na kwamba siweki pilipili.

Kuna benchi la wazee pale, la pili kutoka mlangoni, usikae hata kama liko wazi. Wazee wale wanabishana kanisa ni nini kila Jumapili kama vile Simba na Yanga. Meku mmoja (mzee, kwa Kichaga) mwalimu mstaafu anapenda kutukumbusha tuliyokariri kipaimara tukasahau, kwamba Ungamo la Augsburg, lile ungamo la imani la Walutheri la mwaka 1530, kifungu cha saba, kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo injili inafundishwa kwa usahihi na sakramenti zinatolewa inavyopasa, "hakuna neno bati humo, hakuna neno kapeti". Mwenzake anamjibu sawa, lakini hilo kusanyiko likinyeshewa utaliita nini. Afu kuna baba mmoja Mkatoliki, akitoka misa ya asubuhi anakuja kwetu kwa ajili ya mtori tu, yeye kazi yake kuwachokoza kwamba mapadre walishafika Kilema 1890 na nyie mmeletwa na wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig Machame 1893, kwahiyo "tuheshimu wakubwa zenu", na meku anamwambia mkubwa gani anakula kwa mdogo kila Jumapili.

Huyo meku ndo alinifungua kitu. Anatokea Kidia, Old Moshi, na huko walikaa sana na mmisionari wa Kijerumani Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro 1902. Anasema Gutmann hakupenda kumchomoa mtu mmoja mmoja kwao akamweka kanisani kama mche kwenye kopo. Aliona watu wa huku tayari wamefungwa pamoja na ukoo, ujirani na rika, na kwake huo ulikuwa ni mkono wa Mungu tangu mwanzo, injili ipite humo humo. Wapo waliompinga, anakiri, kwamba aliupamba mno ukoo. Nami nikamuuliza, sasa meku, mi Mnyiramba nisiye na ukoo hapa wala rika, napitia wapi? Akawaza, akasogeza kikombe, akasema "wewe umepitia daftari". Benchi zima likacheka na mi nikacheka ila nilikaa nalo wiki nzima.

Kuna jirani yangu anasali kwenye simu, bando lake, kitanda chake, mahubiri ya mtumishi wa Dar, anasema Mungu yuko kila mahali. Ni kweli yuko. Sibishani nae, mahubiri mengine anayosikiliza ni mazuri kuliko ya kwetu, kwetu kuna siku mwinjilisti anahubiri mpaka unaskia harufu ya mtori dirishani unaomba msamaha. Nilimuuliza tu, ukiumwa huyo mtumishi ataona bakuli gani halijachafuka. Akaniambia nimezidi kupenda kula. Sawa.

Kasoro kubwa sasa, na hii niliwaambia ana kwa ana. Kuna meza moja ina kitambaa cheupe, ya viongozi na wageni. Hapo mtori unafika wa kwanza, supu ina nyama kweli, na firigisi za kuku wa mnada sijui zinakwendaga wapi zaidi ya hapo. Wakati huo huo ukija saa saba, mlinzi wa kanisa, watoto wa Sunday school, wale wamama wanaouza mboga nje ya geti, wanakuta sufuria linakwanguliwa. Ndugu zangu, hili jambo limeandikwa. Wakorintho walifanya hivi hivi, kwenye meza ya Bwana yenyewe, na Paulo akawachana, Wakorintho wa Kwanza 11, kila mmoja hutangulia kutwaa chakula chake, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa". Kwetu hakuna aliyelewa ila wapo walioshiba mara mbili. Asubuhi tumepiga magoti mstari mmoja, mkate mmoja, mkurugenzi na mlinzi bega kwa bega, tukizunguka nyuma ya jengo hatua hamsini tu tayari kuna kitambaa.

Nilimwambia katibu wa akina mama. Kwanza alikasirika, mgeni unatufundisha. Ila Sikukuu ya Mikaeli, ile ya watoto, wakatangulia watoto kula, wakakaa wao meza ya kitambaa, wakakichafua chote kwa mtori na chai, ikawa furaha sijawahi ona, mkuu wa jimbo la kanisa mwenyewe kakaa benchi la nyuma kikombe kipo mgongoni kwa mtu. Nikasema imeisha hiyo. Jumapili iliyofuata kitambaa kimefuliwa, kimerudi, viongozi wamerudi. Ila mlinzi siku hizi anawekewa bakuli lake pembeni, limefunikwa na sahani, nimeliona kwa macho. Tutaenda nalo hivyo hivyo.

Ukitaka kwenda, fika baada ya ibada ya kwanza ukae mnadani kwanza, nunua hata mayai, afu subiri. Mtori wa asubuhi ni wa ndizi za sokoni, wa saa sita ndo wa mnada, mi naona wa saa sita una kitu. Beba hela ndogo ndogo, mia tano mia tano. Chai agiza ya rangi uwaambie mapema wasikutilie sukari. Ukisalimiwa "shimbonyi" na hujui cha kujibu, sema tu nzuri mama, wanaelewa.

Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano. Nusu imekwenda na chenji, moja imekwenda na kitambaa. Deni langu mpaka leo asubuhi ni 4,800, nalipa mwisho wa mwezi, Mama Mtori kama kuna mtu anakusomea hii usinipeleke kwenye matangazo.